Kinanda cha Chumba cha Uani

Mume alikandamiza kinanda kwa vidole vyote kumi, na kinanda kikakaa kimya.

“Umeona, dada?” alimwambia dada yake. “Jana jioni tu kilikuwa kinaimba. Leo huyu kaingia na kitambaa chake cha vumbi, basi!”

Dada mtu alimgeukia mke. “Wifi, una mkono gani wewe? Kila unachogusa kinakufa.”

Mke alikuwa amesimama mlangoni.

Jumamosi binti wa dada mtu alikuwa anaolewa, na mjomba wake, huyu mume, ndiye aliyeahidi kupiga wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Miaka mitatu sasa, kila jioni akishanawa mikono baada ya chakula, mjomba alijifungia chumba hiki cha uani, chenye mlango wake wa kutokea nje, akavaa hedifoni ili, kwa maneno yake, asimkere mtu. Asubuhi hii dada mtu alikuja kuusikia huo wimbo. Hedifoni zikachomolewa kwenye kompyuta iliyounganishwa na kinanda, spika zikawekwa juu ya meza, na hapakutoka hata mlio wa mbu.

“Kama ni wewe uliyekiua,” dada mtu alisema, “leo leo unafunga mizigo unarudi kwenu. Umemchosha kaka yangu vya kutosha.”

“Aitwe fundi,” mke akasema. “Akisema ni mimi, nafunga.”

“Fundi wa nini?” mume akadakia. “Kimeshakufa, kimekufa!”

“Aitwe!” dada mtu akafoka. “Nataka aumbuke mbele ya mtu.”

Fundi wa kompyuta alikuja na mkoba wake, akakubali kiti, akakataa chai. Alichomoa waya wa kinanda, akaupuliza, akaurudisha. Kwenye kompyuta alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika moja, kisha akabonyeza kitufe cha mwisho kushoto. Mstari wa namba ukatokea kwenye kioo. Akabonyeza kingine, ukatokea mwingine.

“Kinanda kizima hiki.”

“Kizima na hakilii?” dada mtu akauliza.

“Vinanda vya namna hii havina sauti, mama. Vinapeleka habari tu: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani. Anayeimba ni programu, humu ndani ya kompyuta. Na humu hamna. Imefutwa.”

“Imejifuta?”

“Haijifuti. Mtu kaandika amri, na nywila kaitoa.”

“Nywila tunaijua wawili,” mume alisema upesi. “Mimi na yeye.”

Dada mtu alipiga makofi. “Haya sasa! Mwanamke una roho ya kutu. Mwenzio anahangaika na muziki wake, wewe unamnyemelea!”

Mke alimtazama fundi. “Irudishe hiyo programu, baba.”

Fundi akairudisha. Ilichukua muda, maana mtandao wa nyumba ile ulikuwa unakwenda kwa kujikokota. Kisha akaunganisha kinanda na programu, akabonyeza kitufe kimoja kwa kidole cha shahada. Sauti nene ikajaa chumba, vioo vya dirisha vikatetemeka.

“Alhamdulillahi!” dada mtu alisema. “Piga, kaka, nisikie wimbo wa mwanangu.”

“Si sasa. Kwa hasira hizi mikono imekufa ganzi.”

“Si unaona ulivyomfanya!” Dada mtu alimnyooshea wifi yake kidole, karibu kumgusa pua. “Fundi, sema, ni nani aliyefuta? Sema nisikie.”

“Nani, sijui. Lini, naweza kukwambia. Kompyuta hii inaandika kila kinachowekwa na kila kinachoondolewa.”

Alifungua orodha ndefu, akaanza na mistari ya wiki hii. Akapanda juu. Akapanda tena. Mume alisema pengine orodha yenyewe nayo imeharibika. Fundi aliendelea kupanda, midomo ikisoma pasipo sauti, mpaka kidole kikasimama.

“Hii hapa. Tarehe nane, mwezi wa pili.” Akasogeza uso karibu na kioo. “Mwaka juzi.”

Dada mtu alimtazama kaka yake. Kaka yake alitazama spika.

“Nilifuta mimi, wifi,” mke alisema. “Tangu siku hiyo nasubiri kaka yako aniambie kinanda hakilii.”