Kubadhi Moja Mlangoni

Mvua ilikuwa haijakata tangu siku alipozikwa Kombo, na asubuhi hiyo mto uliacha njia yake ukaingia nyumbani. Mjane wake, Zuwena, alikuwa ameketi kitandani, maji yakimfika magotini.

"Toka, shemeji!" Athmani, nduguye marehemu, alimwita kutoka mlangoni.

"Ninakaa eda. Nitatokaje nyumbani kwa mume wangu kabla siku zangu hazijatimia?"

"Dini haikukuamuru ufe maji! Kombo mwenyewe angekubeba. Mimi ni shemejio, usinilazimishe nikushike."

Ndipo aliponyanyuka. Kizingitini makubadhi ya mumewe, viatu vyake vya ngozi, yalikuwa yakielea. Alinyoosha mkono akalipata moja, la pili likachukuliwa na maji. Hawajafika kilimani, kuta za udongo zilianguka nyuma yao, na paa likaondoka zima. Kule bondeni, makaburi yote yalikuwa chini ya mto.

"Sasa eda nitakaa wapi, Athmani?"

Wanawake waliojikinga barazani kwa msikiti wa kilimani walitazamana. Mmoja akavua leso yake ya juu, kanga aliyojitanda, kisha wa pili, kisha wengine; wakazifunga nguzo kwa nguzo mpaka zikawa chumba.

"Ingia ndani kwako, mwenzetu," wakamwambia.

Zuwena aliingia. Baada ya kitambo, mkono wake ukapenya chini ya leso, ukaliweka lile kubadhi nje, ncha yake ikielekea ndani, kama Kombo alivyokuwa akiliacha kila arudipo.