Wavu Kichwani mwa Ndaki

Ndaki aliingia kanisani Kashai amevaa helmeti ya bodaboda, akaketi benchi la mbele, na hakuivua hata wakati wa mageuzo ya mkate na divai. Padri alimtazama mara mbili, kisha akamwachia Mungu.

Serafina, aliyeketi pembeni yake, ndiye aliyemlazimisha kuivaa. Chini ya helmeti ile, upande wa kulia, Ndaki hakuwa na mfupa. Palikuwa na ngozi tupu, laini kama maini, ikituna kila alipokohoa.

Yote yalianzia kisiwani Goziba. Mvuvi mmoja alirusha jiwe la nanga bila kuangalia, likampata Ndaki kichwani. Wenzake katika kambi ya wavuvi walikuwa watu wa kuja na kuondoka, kila mmoja akawa anamtazama mwenzake. Serafina, aliyekuwa akiwapikia pale kambini, ndiye aliyempakia kwenye boti, akamshikilia kichwa mapajani hadi nchi kavu, kisha akatafuta gari la kuwafikisha hospitalini Bukoba mjini. Muuguzi akauliza nani atasaini kibali cha upasuaji.

"Lete karatasi," alisema Serafina. "Huyu ni mume wangu."

Daktari Rugemalira alitoa kipande cha fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi, akakihifadhi chini ya ngozi ya tumbo la Ndaki mwenyewe. Ndaki alipozinduka na kuambiwa kwamba sehemu ya kichwa chake imo tumboni, alijibu kuwa ndiyo maana njaa yake siku hizi ina akili.

Utani ulikuwepo. Kumbukumbu ndiyo haikuwepo.

"Huyu mama unamjua?" daktari alimuuliza.

Ndaki alimtazama Serafina kwa muda mrefu. "Hapana."

Serafina akaangua kilio hadi wodi nzima ikamhurumia.

"Ni mke wako, waitu," muuguzi alimwambia Ndaki, kwa lile neno la upole la Kihaya.

"Kumbe! Basi nimebahatika."

Baada ya miezi mitatu mfupa ulirudishwa mahali pake. Wiki ya pili kidonda kikatoa usaha, homa ikapanda, na mfupa ule uliotunzwa kama yai ikabidi utolewe na kutupwa. Ndaki akakaa miezi saba na helmeti yake katika chumba alichopanga Serafina hapo Kashai. Serafina alimwachia kitanda, yeye akalala mkekani, eti asije akamgonga. Alimpikia ndizi, akamkaangia senene, akamfunga kamba za viatu. Jioni alimsimulia harusi yao: ngoma, mvua, shangazi aliyelewa lubisi akamkumbatia katekista. Kila aliposimulia, mvua iliongezeka. Ndaki alisikiliza akiwa ametulia, kisha akaomba arudie pale pa shangazi.

Hatimaye daktari akaja na wazo la wavu wa titani.

"Tungeweza kuziba kwa saruji ya mifupa," alisema, "lakini kichwa kilichokwisha kunitolea usaha sikiamini. Naona tuweke wavu."

"Wavu!" Ndaki alishtuka. "Matundu yake yana ukubwa gani? Maafisa uvuvi wasije wakanichoma moto kama nyavu haramu."

Daktari alicheka. Serafina hakucheka. Alimfuata daktari hadi kwenye korido.

"Daktari, kumbukumbu zikirudi, zinarudi zote?"

"Tuombe zirudi zote, mama."

"Hata zikirudi kidogo tu, zinatosha," alisema, akajipangusa uso kwa kitenge.

Siku ya upasuaji alikaa nje na rozari tangu asubuhi. Alianza sala, akaiacha katikati, akaanza nyingine. Walipomwambia mgonjwa ametoka salama, alikaa chini sakafuni, viatu vikamtoka.

Wiki mbili zikapita bila usaha wala homa. Kichwa cha Ndaki kikarudi kuwa mviringo. Siku ya kuruhusiwa, Serafina alikwenda dirisha la dawa, na daktari akabaki akimpima Ndaki kumbukumbu.

Mwaka gani huu? Akautaja. Kwao ni wapi? Ukerewe. Na yule aliyerusha nanga? Ndaki alitaja jina lake, jina la baba yake, na matusi matatu ya kumfaa.

Daktari alifunga faili kwa furaha. "Safi sana! Na harusi yenu je, imerudi? Mkeo atashangilia."

Ndaki alichungulia mlangoni, akashusha sauti.

"Daktari, mimi sijawahi kuoa. Lakini nakuomba sana, usimwambie."