Hotuba ya Fundi

Sheria ya dirisha la kliniki ilikuwa moja: ukishakunywa methadoni, dawa ya kukuachisha unga wa heroini, lazima uzungumze, ili nesi ajue umemeza. Kila asubuhi fundi cherehani alikunywa yake, kisha akatoa hotuba ndefu kama mgeni rasmi.

Leo aliimimina mdomoni akanyamaza.

"Haya mheshimiwa, taifa linasubiri," nesi alisema.

Fundi aliinamisha kichwa kwa heshima zote. Dawa yote ilikuwa bado mdomoni. Nje ya geti mdogo wake alikuwa amejikunja ukutani, arosto ya kukosa unga ikimtetemesha, akisubiri aletewe dawa hiyo, atemewe kwenye chupa. Kujiandikisha kliniki alikataa katakata. Ati yeye si teja, anatumia tu. Na fundi akikamatwa, anafutwa kwenye orodha.

Nyuma yake foleni iliacha kubishana kama unga uhalalishwe. Mabingwa wote wa sheria wakayageukia mashavu yake, yaliyovimba kama ya mpiga tarumbeta.

"Meza, bwana, tunachelewa kazini!"

"Wewe nawe una kazi gani?"

"Fundi," nesi alisema polepole, "sema chochote. Hata unitukane."

Mate yalizidi kujaa. Tone moja lilimponyoka, likateremka hadi kidevuni.

Fundi akameza. Koo lilipanda, likashuka, na foleni nzima ikaliona.

"Mdogo wangu yuko getini, hali yake mbaya," alisema. "Atanichukia. Njoo na fomu ya kumwandikisha, dada; mimi nitamshika miguu hadi akubali."