Kijiko cha Uji

Tangu kila nyumba ilazimishwe kuosha vyombo kwa mashine inayotambua mate ya mlaji, Mwanahawa na mumewe walikula kwa mkono, sinia moja na Mbwana, mdogo wake Mwanahawa aliyetoroka jeshini na kujificha chumbani kwao. Mkono hauachi mate.

Leo mashine iligoma kutoa maji machafu. Mwanahawa akasafisha chujio, akachomoa mwiba wa samaki, akawasha tena. Ikagoma.

“Jana shemeji alipokuwa na homa ulimlisha nini?” mumewe akanong’ona.

“Uji.”

“Kwa kijiko?”

Maji yakaanza kutoka yenyewe, na mashine ikasema kwa upole:

“Hakuna hitilafu. Tulikuwa tunapima maji ya kijiko. Sasa tafadhali fungueni mlango wa mbele.”