Dirisha la Misumari

Mama mkwe aliagiza dirisha la chumba lipigwe misumari mara tu alipoanza kukohoa. Aliamini baridi ndiyo inayomtafuna kifua.

Mkamwana wake alirudi kutoka kliniki, mtoto wa miezi mitatu mgongoni, akamkuta kitandani. Vidonge alivyopewa kliniki havijaguswa.

"Mama, muuguzi anasema ni kifua kikuu. Kinaambukiza kwa hewa. Tufungue dirisha, nawe umeze dawa."

"Muuguzi mwenyewe kazaliwa juzi! Dawa ya baridi ni joto." Akakohoa, akajifuta mdomo kwa kiganja, kisha akanyoosha mkono ule ule, uzi wa mate ukining'inia kidoleni. "Haya, niletee mume wangu," alisema, akimtania mjukuu.

Mwanawe, baba wa mtoto, alikuwa amesimama mlangoni. "Mpe mama mtoto."

Mkamwana alikaza fundo la mbeleko. Katika miaka minne ya ndoa hajawahi kumkatalia mkwewe neno.

"Nisamehe, mama. Mtoto sikupi."

Mumewe alifungua kinywa amgombeze, kikamtoka kikohozi kikavu, kirefu, mpaka akajishika ukutani.

"Masikini mwanangu, baridi imekuingia," mama alisema. "Funga mlango."

Mwanawe akaufunga.