Fundi Asiye na Barua ya Kuzaliwa

Kwa mara ya tatu Matthes aliuliza jina la yule mwinyi, na Bwana Pohl akalitaja tena, polepole, kama anayesema na kiziwi.

"Lugovskoy. Mwinyi Lugovskoy. Shamba lake liko Urusi, ukishapita mji wa Smolensk ni safari ya siku tatu. Umeridhika?"

"Hajanunua shamba la mtu mwingine?"

"Ni la babu yake. Matthes, mimi natafuta fundi wa kioo, sitafuti karani wa mirathi."

Dorothea, mkewe Matthes, alicheka, lakini kwa hasira. Mwanamume huyu aliyejua kupuliza kioo kikawa chembamba kuliko ganda la kitunguu, huu ulikuwa mwaka wa nne anabeba kuni kwenye tanuri za wenzake. Pale Saksonia, nchi ya Wajerumani, chama cha mafundi hakimpokei mtu bila barua ya kuzaliwa: baba fulani, mama fulani, ndoa ya kanisani. Matthes hakuwa nayo. Ukimuuliza kwao ni wapi, atasema upande wa Riga, basi, na uso unajifunga. Dorothea alishajijibu zamani kwamba mumewe ni mtoto wa nje ya ndoa na anaona haya. Hakumlaumu. Lakini haya haziwalishi watoto, na Kaspar, mwanawe wa miaka minne, alikuwa akikohoa tangu majani yaanze kudondoka.

"Mwinyi wangu haulizi barua," Pohl alisema. "Anauliza mikono. Utapata nyumba, ng'ombe wawili, kuni za bure, mkataba wa miaka sita. Ukiisha, unarudi zako."

"Na wale watu wa huko?" Dorothea aliuliza. "Nasikia wanauzwa."

"Watwana? Wale ni mali yake, Bi Dorothea, wao na watoto wao. Nyinyi ni wageni, mna mkataba. Vijana ninaowapeleka nawaonya jambo moja tu, wasioe kule. Anayefunga ndoa na mtwana, naye keshakuwa mtwana. Nilikuwa na mwashi mmoja wa Dresden, mapenzi yakamlevya, leo anachapwa kama wenzake." Akamgeukia Matthes. "Wewe umeshaoa, huna la kuogopa."

Matthes akasema hapana.

Alisema hapana Jumatatu, akasema hapana Jumanne. Jumatano mkewe hakumpikia.

"Nipe sababu moja," Dorothea alimwambia. "Moja tu, hata ya uongo."

"Kule kubaya."

"Umefika?"

Matthes akaenda kumfunika Kaspar blanketi.

"Haya, kaa hapa umchimbie mwanao kaburi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, bwana. Wewe kuinama hutaki, na kusimama huwezi."

Maneno hayo yaliuma. Dorothea alijua yanauma, na akayarudia mbele ya Liese, binti yao wa miaka minane. Usiku ule Kaspar alikohoa mpaka akazirai. Asubuhi Matthes alivaa koti, akaenda kutia saini bila kumuaga mtu.

Safari ilichukua wiki saba. Kadiri walivyosogea mashariki ndivyo Matthes alivyozidi kuwa bubu. Alifuga ndevu, akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Kila kituo alimtuma Dorothea akanunue mkate kwa ishara za vidole, na wenyeji wakimcheka.

"Mwanamume mzima unaogopa wauza mkate," alimtania. Kusema kweli alikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyeshinda ugomvi wa miaka. Chakula cha Pohl kilikuwa kingi, na Kaspar alikuwa ameanza kuota mashavu. "Umeona?" alimwambia mumewe. "Ungenisikiliza mapema."

Siku ya mwisho Pohl alipunguza mwendo wa gari, akaonyesha kwa mjeledi safu ya vibanda vipya vya magogo pembeni mwa kijiji.

"Hivi havikuwepo nilipoondoka. Mwinyi ameoa, barua yake ilinikuta njiani. Mkwewe amempa watwana wa kijiji kizima, wamehamishwa kutoka kusini."

"Kusini wapi?" Matthes aliuliza.

"Nitajuaje? Kwani unataka kuwaposa?"

Matthes akasema anataka kushuka, atembee kidogo. Dorothea akamshika mkono. Alimwambia asimtie aibu, watu wameshatoka kuwapokea.

Na kweli walikuwa wametoka. Msimamizi wa shamba alisimama mbele, kofia mkononi, kwa heshima ya fundi mgeni. Kando yake alikuwa bibi kizee aliyetoka kwenye vile vibanda vipya, mwenye umri kuliko wote pale, kama desturi inavyotaka, ameshika mkate na chumvi juu ya kitambaa kilichotariziwa. Dorothea alisema shukrani alizofundishwa na Pohl. Alizisema vibaya, watu wakacheka kwa upole, naye akamsukuma mumewe mbele.

Matthes aliuinamia mkate bila kuinua macho. Yule bibi alimtazama, akatazama tena, akauacha mkate uanguke. Akamvua kofia, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Matvei," alisema kwa Kirusi, na kijiji kizima kikasikia. "Mwanangu Matvei. Miaka kumi na mitano tangu utoroke, nami nakuombea kama maiti."

Dorothea hakuelewa hata neno moja. Alitabasamu, akamngoja Pohl amfasirie, lakini Pohl alikuwa ameangalia chini. Msimamizi akavaa kofia yake, akawatazama watoto, akauliza wana umri gani.