Kobe Adai Kisima cha Katikati

Mwaka wa ukame, Kobe na Digidigi walimwita Muhanga awachimbie kisima kimoja. Muhanga akanusa maji hatua arobaini kutoka kwa Digidigi na sitini kutoka kwa Kobe.

“Sikubali,” Kobe akasema. “Yeye arobaini, mimi sitini? Mnaniona mjinga?”

“Mzee, maji yako hapa,” Muhanga akajibu.

“Nimesema sawa kwa sawa.”

Muhanga akazungusha kamba ya urefu uleule kutoka kila nyumba, akichora duara. Maduara mawili yakakatana juu na chini, naye akaunganisha sehemu hizo mbili kwa mstari.

“Popote kwenye mstari huu, umbali wenu ni mmoja.”

Akachimba katikati, akagonga mwamba. Akaufuata mstari, mwamba mtupu, mpaka nyuma ya kilima. Huko maji yakatoka, hatua elfu nne kwa kila mmoja.

“Mbona mbali hivi?” Kobe akauliza Muhanga aliporudi na habari. “Chimba pale pa kwanza.”

“Kucha zangu zimekwisha, mzee. Uliomba sawa, karibu hukuomba.”

Digidigi akawa anakunywa na kurudi kabla ya adhuhuri. Alimpita Kobe akienda, akampita akirudi. Siku ya tatu alimkuta njiani, shingo imenyooshwa kuelekea kisimani, hapumui tena. Hata nusu ya njia hakuwa ameifikia.